Ukipumzika Wewe, Nani Anafanya Kazi?

Ukipita mtaani kwetu Maweni, hapa Malindi, Jumamosi magharibi, utamkuta mama jirani yangu anakaanga samaki mara mbili ya siku zingine. Yeye ni mama karanga, ananunua kwa wavuvi asubuhi, anaparuza magamba, anapaka chumvi na ndimu na pilipili, halafu karai haliondoki motoni mpaka saa tatu usiku, na watu washajua kwamba hiyo ndio ya leo na ya kesho, anayetaka samaki wa Jumapili abebe sasa hivi. Akimaliza anamimina mafuta kwenye dumu, anasugua karai kwa mchanga na kumbi la nazi, analipindua juu ya mafiga yake matatu, basi. Jumapili mtu akija na sahani yake akaona karai limepinduliwa hapigi hata hodi, anageuka anarudi.

Mi nimekaa kanisani tangu utotoni na mahubiri ya Sabato nshasikia mengi sana, na karibu yote yanazunguka palepale, ni Jumamosi ama ni Jumapili, na je ukifua nguo umevunja amri ama hujavunja. Lakini ukweli ni kwamba hakuna mahubiri yaliyonikalisha chini nikaifikiria hii amri kama lile karai. Manake huyu mama hana mshahara wa mwezi, hana akiba yoyote ya maana, samaki asipouza leo pesa yake inaoza kwenye beseni, na bado analipindua. Siku moja nikamuuliza, mamangu, huoni Jumapili ndio watu wana pesa, wanatoka kanisani wana njaa? Akanambia, "Naona sana mwanangu, lakini hawa wasichana wangu wawili wanaonisaidia kuparuza, wao wapumzike lini?"

Sikuwa na jibu. Na nilivyorudi nyumbani nikafungua Biblia nikagundua kwamba yeye ndiye alikuwa ameisoma amri vizuri kuliko mimi.

Amri Kumi ziko mara mbili kwenye Biblia na watu wengi hatujali tofauti. Ile ya Kutoka 20 ndio tuliyokaririshwa Sunday school, "Ikumbuke siku ya Sabato uitakase", na sababu yake ni uumbaji, Mungu alifanya kazi siku sita akapumzika ya saba. Lakini ile ya Kumbukumbu la Torati 5 inatoa sababu nyingine kabisa, haitaji uumbaji, inasema kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Na inataja watu mmoja mmoja, wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, ng'ombe wako, punda wako, mgeni aliye ndani ya malango yako, halafu inaeleza ni ya nini hasa, ili hao watumwa "wapumzike vile vile kama wewe". Soma tena hayo maneno matano. Amri haiulizi tu kama wewe umelala, inauliza walio chini yako wamelala? Punda pia yumo ndani, na hili watu wa Lamu wanalielewa haraka kuliko sisi, manake kule mzigo wa mji mzima, mawe, simiti, maji, uko mgongoni mwa punda, na punda hajui kuomba ruhusa.

Sasa angalia Jumapili yetu ilivyo. Mtu anatoka nyumbani saa mbili asubuhi, ibada ya kwanza, ibada ya pili manake yuko kwenye kwaya, baada ya hapo kikao cha kamati ya ujenzi, harambee ya mtu anayeenda kuoa, kikundi cha akina mama, anarudi saa kumi na moja jioni kichwa kinamgonga na Jumatatu inamtazama usoni. Huyo tunasema ameitakasa siku. Na nyumbani amemwacha dada wa kazi, amemwachia nguo za wiki nzima za kufua, watoto wawili wa kuangalia, na chakula cha wageni watakaokuja kutoka kanisani. Huyo dada ameamka saa kumi na moja alfajiri na atalala saa nne usiku, na yeye pia ni Mkristo, ana kanisa lake huko kwao Ganze, ila hajaingia kanisani miezi minne. Halafu tajiri yake anasimama mbele anatoa ushuhuda kwamba anashukuru kwa siku ya mapumziko. Sisemi hivi kumsuta mtu, nasema kwa sababu inaniuma, na kwa sababu hata kisheria si sawa, Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kifungu cha 27 inampa kila mwajiriwa angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na haikusema isipokuwa dada wa kazi.

Malindi ni mji wa kupumzisha watu, hii pia tuiangalie. Watu wanatoka Italia, wanatoka Nairobi, wanakuja kupumzika, na ili wao wapumzike lazima mwingine atandike kitanda, afagie ufuo kabla jua halijachomoza, asimame jikoni. Mimi nilifanya kazi ya kufua mashuka hotelini miaka tisa. Desemba mpaka baada ya mwaka mpya ofu zilikuwa zinafutwa, unaambiwa utalipwa baadaye, na hiyo baadaye ikija ni msimu wa kusi, wageni hakuna, unaambiwa kaa nyumbani bila mshahara hiyo ndio ofu yako. Hiyo si Sabato ata kidogo. Kupumzika ukiwa hujui utakula nini ni adhabu tu, na nafikiri ndio maana Mungu alivyowafundisha Waisraeli Sabato hakuanza na amri, alianza na chakula. Kutoka 16, kabla hata hawajafika Sinai, mana ilianguka siku ya sita mara mbili, ukiiweka siku zingine inaoza na kutoa mabuu, ukiiweka kwa ajili ya Sabato haiozi. Hawa ni watu ambao juzi tu walikuwa wanafyatua matofali, walivyoomba ruhusa waende kumwabudu Mungu wao Farao aliwaita wavivu, mara mbili, "wavivu ninyi, wavivu". Huwezi kumwambia mtu kama huyo apumzike kwa mdomo mtupu, kwanza mwonyeshe kwamba kesho kuna cha kula. Mama karanga wangu anakaanga mara mbili Jumamosi, amefika palepale bila mtu kumfundisha.

Kuhusu siku yenyewe sitakaa sana. Ndugu zetu Wasabato, walioanza Kenya kule Gendia mwaka 1906, wana hoja nzito kwamba siku ya saba ya Waebrania ni Jumamosi, na nikiri kitu kimoja, wao wanajua kujiandaa kuliko sisi, Ijumaa kabla jua halijazama nguo zishapigwa pasi na chakula kishapikwa, wanaita siku ya maandalio, sisi wa Jumapili hatuna kitu kama hicho. Wahabeshi wa Orthodox wanaheshimu zote mbili, Jumamosi na Jumapili. Paulo aliwaambia Warumi mmoja anaona siku hii bora kuliko hii, mwingine anaona zote sawa, kila mtu athibitike katika akili yake mwenyewe. Kiswahili chenyewe hakitusaidii kuamua hapa, manake kwetu Jumamosi ni siku ya mosi na Jumapili ni ya pili, hesabu yetu inaanza baada ya Ijumaa. Na Wagiriama wa zamani juma lao lilikuwa siku nne tu, na siku ya Jumwa jembe liliwekwa chini. Yaani kabla hajaja mmisionari yeyote hapa pwani wazee walikuwa washajua kwamba ardhi na mgongo wa mtu vinataka siku yao.

Lakini kuna kitu cha hapa kwetu kinachofanana na Biblia mpaka nashangaa hatukihubiri. Mzee wa Kiislamu hapa Malindi akikwambia usiku wa Ijumaa anamaanisha ule usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao mtu wa bara atauita Alhamisi usiku. Siku inaanza jua likizama. Na Mwanzo 1 ni vilevile, ikawa jioni ikawa asubuhi, siku moja. Maana yake siku ya Mungu inaanza na wewe unalala! Unafumba macho, hufanyi kitu, na dunia inaendelea, maji yanajaa na kupwa, mahindi yanamea, halafu unaamka unakuta kazi imeshaanza bila wewe na unaingia katikati. Tena mwanadamu aliumbwa siku ya sita, kwa hiyo siku yake ya kwanza nzima duniani ilikuwa ya mapumziko, alikuwa hajalima ata tuta moja. Sisi tunapumzika kama mshahara, nimechoka nimestahili, na asiyechoka hastahili. Biblia imegeuza, unapewa kwanza, ndio unafanya kazi. Mimi naona hii ndio Injili yenyewe, na ndio mwandishi wa Waebrania anaposema "imesalia raha ya sabato kwa watu wa Mungu" anaongea juu ya mtu aliyeacha kujikomboa kwa jasho lake, kwa sababu kazi ya kumkomboa ishafanywa na Kristo.

Kuna rafiki yangu yuko shifti ya Jumapili kila wiki, mlinzi, na ananiuliza kama Mungu anamhesabia. Nlimwambia ndugu yangu, Wakristo wa miaka 290 hivi ya kwanza walikuwa kama wewe tu. Jumapili ilikuwa siku ya kazi kwenye dola ya Roma mpaka mfalme Konstantino alipotoa sheria mwaka 321 kwamba mahakimu na watu wa mijini na mafundi wapumzike, na hata hapo wakulima waliruhusiwa kuendelea shambani. Kabla ya hapo, gavana mmoja wa Kirumi, Pliny, karibu mwaka 112, alimwandikia mfalme wake kwamba Wakristo wanakutana siku maalumu kabla hakujapambazuka, wanamwimbia Kristo, halafu wanatawanyika, na baadaye wanakutana tena kula. Kwa nini kabla ya alfajiri? Nafikiri ni kwa sababu wengi wao walikuwa watumwa na watu wa kazi ngumu, na kukikucha walitakiwa kwa mabwana zao. Kwa hiyo mlinzi wangu anayetoka lindo saa kumi na mbili asubuhi akaenda kuomba na macho mekundu hayuko nje ya kanisa, yeye ndiye anafanana nao zaidi. Deni liko kwetu wengine, tumpatie siku yake, hata kama ni Jumanne, na sisi tumfuate hiyo Jumanne tukae naye.

Manake ofu ya mtu mmoja mmoja haitoshi. Umoja wa Kisovieti ulijaribu kuanzia 1929, wakafuta Jumapili, wakagawa wafanyakazi makundi matano kila kundi na siku yake ya kupumzika ili viwanda visisimame, na mume akawa ofu leo mke kesho kutwa, mtoto shule. Watu walilalamika kwamba hiyo si likizo kama unakaa peke yako nyumbani, na ilipofika 1940 juma la siku saba na Jumapili yake vikarudi. Waulize watu wa hoteli hapa Malindi wenye ofu za kuzungushwa watakwambia hayohayo. Siku nzuri ni ile ambayo mko pamoja.

Na mnakula. Hili nalisema polepole kwa sababu sisi watu wa Malindi tuna kidonda. Shakahola si mbali na hapa. Mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 kwenye ule msitu, wengi wao watu waliofunga mpaka kufa, na watoto, wakiambiwa ndio njia ya kumwona Yesu. Tangu wakati huo nimejiuliza kanisa letu lilikosa kuwafundisha watu nini, na jibu moja ninalolipata ni Sabato. Wayahudi hawafungi siku ya Sabato, isipokuwa ikiangukia Siku ya Upatanisho, Sabato ni siku ya kula vizuri. Tertullian, mwandishi wa Kikristo wa Carthage, mwanzoni mwa karne ya 3, aliandika kwamba Wakristo wanahesabu kufunga siku ya Bwana kuwa si halali. Yaani kila wiki, mara moja kwa wiki, Mkristo alikuwa anaambiwa na kanisa lake kwamba mwili wako ni mzuri, keti, kula. Mtu aliyelelewa hivyo, aliyeona tangu utotoni kwamba siku takatifu kuliko zote ndio siku ya wali wa nazi na samaki na watoto kushiba, ukija kumwambia Mungu anataka mtoto wake afe njaa atakukimbia. "Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya sabato." Hiyo Yesu aliisema wanafunzi wake wakiwa na njaa, wamevunja masuke shambani wanakula. Hakuwaambia wavumilie.

Na ile habari ya Luka 13, mwanamke aliyepinda mgongo miaka 18, Yesu anamponya siku ya Sabato, mkuu wa sinagogi anakasirika anawaambia watu siku za kazi ziko sita njooni hizo. Yesu anamjibu kwa punda na ng'ombe, kwamba kila mmoja wenu si anamfungua siku ya Sabato akanywe maji, basi huyu binti wa Ibrahimu asifunguliwe? Kufungua. Mimi sasa nikisikia neno Sabato nasikia hilo, kuna kamba mahali, na kuna mtu anaishika ncha ya pili.

Hapo ndipo nilipojikuta mimi mwenyewe. Nikisoma Nehemia 13 nilikuwa nampenda sana, watu wa Tiro wanaleta samaki kuuza Yerusalemu siku ya Sabato, anafunga malango, wachuuzi wanalala nje ya ukuta mara moja mbili, anawatisha, hawarudi tena. Nikawa nasema tungepata kiongozi kama huyo Malindi. Lakini kabla ya sura ya 13 kuna ya 5. Miaka mingi kabla hajafunga malango hayo, watu maskini walikuja kwake wakilia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba, watoto wao wameshakuwa watumwa wa madeni, na Nehemia akawakusanya wakubwa akawaambia rudisheni mashamba, rudisheni riba, na akasema hata mimi na ndugu zangu tumewakopesha, tuache. Deni kwanza, lango baadaye. Ukimfungia lango mtu ambaye tajiri anamdai hesabu kila siku umemuua tu.

Nina pikipiki moja. Anaiendesha kijana wa Muyeye, baba wa mtoto mmoja, na mkataba wetu ulikuwa kama wa wengi hapa, analeta hesabu ya shilingi 300 kila siku, Jumatatu mpaka Jumamosi, na Jumapili ni yake, anachopata chote anaweka mfukoni. Nilikuwa naona nimemfanyia wema mkubwa. Nilimwita kanisani mara nyingi, nikamwambia kijana wangu unapotea, Jumapili zote barabarani, na yeye ananiitikia ndio mzee, ntakuja mzee. Mpaka siku nilipotoka kwa mama karanga ndio nikafikiria, Jumapili ndio siku yake pekee ya kupata pesa yake, hizo siku sita mara nyingi akitoa mafuta na yangu habaki na kitu cha maana, na siku ileile mimi namwambia aache. Nilikuwa namhubiria kitu ambacho mimi ndiye nimekifunga.

Kwa hiyo nilimwambia kuanzia wiki hii hesabu ni siku tano, Jumamosi ni yako. Ni shilingi 300 kwa wiki, kwa mwaka ni 15,600, si pesa ndogo kwangu, mke wangu tuliongea naye usiku mzima, na nawaambia wazee wa kanisa wenzangu wenye pikipiki na tuktuk mjini humu wapige hiyo hesabu nyumbani kwao. Nilimwambia pia sitamuuliza Jumapili anafanya nini, akitaka kutoka atoke. Jumapili ya kwanza alitoka. Ya pili nikamwona stejini karibu na soko, akaniinamishia kichwa kwa haya, nikampungia mkono nikapita.

Ya tatu nilikuwa nimetoka ibada ya kwanza nikapitia Muyeye kumwona, nilikuwa na maneno ya bima ya pikipiki nataka kumwambia. Pikipiki iko uani imefunikwa turubai, mtoto wake kapanda juu ya kiti ameshika usukani anatoa mlio kwa mdomo. Yeye yuko chini ya mwembe, kwenye mkeka, amelala chali, mkono mmoja umefunika macho, na mkewe kando yake anachambua mchele. Mkewe akaniona akataka kumwamsha. Nikaweka kidole mdomoni, nikageuka nikarudi.